Mpunga wa Kando ya Barabara

Shamba lililompa tonton wangu cheo halikuwa na mzizi hata mmoja. Lilipandwa alfajiri, na kabla jua halijawa kali lilikuwa na masuke. Mtu Mkubwa kutoka Kinshasa alishuka kwenye gari, akalitazama, watu wakapiga makofi, akaondoka. Baada ya siku chache shamba lote lilikuwa likinuka.

Harufu hiyo imenirudia wiki hii. Tonton Ramazani, mdogo wake Mama, tumbo moja, amefariki mjini Kisangani. Mimi ndiye niliyepanda pikipiki kuja huku, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kumpa Mama habari. Wameshamzika. Siku ya kumaliza matanga, kwa desturi ya familia yetu, mkubwa aliyebaki husimama mbele ya watu na kutamka kwamba marehemu amesamehewa aliyoyakosea. Asiposimama, watu hurudi makwao wakinong'ona, na watoto wa marehemu hubaki na aibu. Mkubwa aliyebaki ni Mama. Simu zinaingia kwangu tangu jana, wanauliza kama anakuja.

Tulihamia hapa kutoka Maniema nikiwa mdogo sana. Papa alikuwa fundi wa mashine kwenye boti za mto, mtu wa kurudi na samaki wakavu wa Isangi, kulala kidogo na kuondoka tena. Mama alibaki na mimi na shamba. Ardhi haikuwa yetu. Huku ni kwa Wakumu, na mgeni hulima kwa kupewa. Aliyetupa ni Mama Agata, mjane wa Kikumu mwenye sauti nzito, ambaye alisema alimpenda Mama kwa sababu alikuwa mgeni wa kwanza aliyeuliza kabla ya kukata. Alimpa mahali pa kulima mpunga, ndani, nyuma ya kijito. Baadaye, walipozoeana, akampa kitu kikubwa zaidi. Alimpa mti.

Ulikuwa lifaki, si mbali na barabara, mnene kiasi kwamba Mama, Mama Agata na mimi tukishikana mikono hatukufika hata nusu ya kuuzunguka. Mfanyabiashara wa mbao akiutazama angeona mbao nyekundu. Sisi tuliona mbinzo, viwavi wanaoliwa, ambao kwetu ndio nyama ya majira ambayo samaki ni adimu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msitu wa akiba. Kibao kilikataza kuokota chochote humo, hata kuni. Kwa hiyo kila nyumba ilitegemea miti iliyobaki upande wetu, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Mgeni kupewa lifaki ilikuwa sawa na kuambiwa: sasa unaweza kuzaa na kuzika hapa.

Mwaka wangu wa utotoni haukuwa na majina ya miezi. Ulikuwa na mambo yanayofuatana. Mvua zikipungua, vipepeo wakubwa wa kahawia, mama zao mbinzo, wenye kitu kama jicho kwenye kila bawa, walikuja kujigonga kwenye taa yetu. Mama aliwashika kwa viganja na kuwatoa nje. "Uwaache," alisema, "hawa wanaenda kazi." Kisha ulikuja ukimya. Kisha, ukisimama chini ya lifaki mchana, ulisikia mvua isiyolowesha. Yalikuwa mavi ya mbinzo, yakidondoka juu ya majani makavu tangu huko juu ambako macho hayafiki. Mama alitandika jani la mgomba chini ya mti, akaenda zake, akarudi kulisoma. Mavi madogo kama mbegu za mchicha yalisema mbinzo bado wachanga. Yakilingana na punje za pilipili manga, ilikuwa wakati wa kutayarisha vikapu, kwa sababu walikuwa karibu kushuka kutafuta udongo wa kujizika.

Walishuka kwenye shina kwa wingi, wakianguka na kupanda tena, na ili wasipotee kwenye majani makavu wanawake walifagia chini ya mti. Walifagia hasa, kama unavyofagia uwanja unaosubiri wageni wa harusi. Vichaka viling'olewa, majani yakasukumwa pembeni, ikabaki duara kubwa la udongo mwekundu katikati ya msitu. Kufagia chini ya lifaki wetu ilikuwa kazi yangu kabla ya shule. Pale hatukuwasha moto wala kutwanga. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha Mama Agata. Nyumbani, sahani ya kwanza ilikuwa ya Tonton Ramazani.

Tonton aliishi nasi katika chumba cha nyuma. Alikuwa moniteri wa kilimo, yaani mtu wa Leta, kama tulivyoiita Serikali, anayezunguka vijijini kuhakikisha watu wanalima. Alikuwa na baiskeli, buti za mpira, kamba ya kupimia mashamba na beji ya Chama kifuani. Kila mtu mzima alipaswa kuwa na shamba la kipimo fulani. Asiye nalo alilala kwenye kachoti, chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi. Jioni Tonton alirudi na kuku waliofungwa miguu, wamening'inizwa kwenye usukani. "Wamenipa zawadi," alisema, na mimi niliamini kwamba watu wanampenda. Nilihesabu kuku kama alama za mapenzi. Nilipenda pia mikono yake. Ilikuwa safi sana kwa mtu wa kilimo, kucha zimekatwa, inanukia sabuni ya mjini.

Wakati huo redio na shule vilisema kilimo ndicho cha kwanza kuliko vyote, nasi tuliimba hivyo kila asubuhi mbele ya bendera. Kisha ikaja amri kwamba mashamba yasogee kando ya barabara. Sababu haikufichwa: yaonekane. Udongo wa kando ya barabara ulikuwa umechoka tangu zamani za Wabelgiji, hauoti hata magugu mazuri. Wanawake walichomeka pale mihogo michache kwa ajili ya macho ya Leta, wakaendelea kulima mpunga ndani, kwenye majivu ya msitu. Tonton alijua. Kila nyumba ilikuwa na shamba la kuonwa na shamba la kula, na katikati yao kulikuwa na kuku.

Habari za Mtu Mkubwa zilifika wakati mpunga wetu wa ndani ulikuwa umetoa masuke. Ukibonyeza punje, ilitoa maziwa meupe. Huo ndio wakati ndege wanaupenda, na Mama alikuwa amechana kitenge chake chekundu vipande vipande na kuvifunga kwenye kamba shamba zima ili viwatishe. Ghala letu la chakula lilikuwa limebaki na vumbi. Tulichotegemea kilikuwa mpunga huo, kisha mbinzo, halafu ingekuja mvua kubwa. Mama alikuwa akilisema hilo kila siku, akitumia maneno yale yale, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo.

Tonton alikuja na habari wakati wa kula.

"Yaya," alimwambia Mama, kwani ndivyo kwetu mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "Mutu Mukubwa anapita na hii barabara. Leta inataka shamba ya mufano hapa kwetu. Mupunga."

"Mupunga gani unaota hapa barabarani?" Mama aliuliza. "Hata majani ya kuku hapana."

"Itaota. Ile siku atafika, itakuwa na masuke."

"Kwa dawa gani?"

Tonton alicheka na kuongeza pilipili. "Leta ina dawa yake."

Mimi nililimeza neno hilo zima. Katika chumba chake kulikuwa na magunia yenye maandishi ya Kifaransa, na nikajua kwamba dawa ya kuivisha mpunga kwa haraka iko mle. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba tonton wangu ataotesha mpunga upesi kuliko uyoga. Rafiki yangu mmoja alisema hata Mungu hawezi. Nikamwambia Mungu si moniteri.

Siku waliyokuja kutafuta mahali, Mama alikuwa amekwenda mjini kuuza sombe, majani ya mhogo. Mimi nilikuwa chini ya lifaki na ufagio wangu. Mvua isiyolowesha ilikuwa imeanza, nyembamba sana, inakuingia kwenye nywele kama vumbi la unga. Tonton alitokea barabarani na wanaume kutoka mjini, mmoja wao amebeba msumeno wa mota begani. Huyo alisimama ukingoni mwa duara, akatazama ule udongo mwekundu uliofagiwa.

"Moniteri," alisema, "kumbe hapa mumekwisha kusafisha?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Tonton alikuwa amekula mbinzo wa mti ule mwaka baada ya mwaka, sahani ya kwanza. Alijua kwa nini panafagiwa. Watu wa mjini ndio hawakujua. Alinitazama, akatazama ufagio, akatazama juu.

"Ee," alisema. "Tulitayarisha."

Kisha akaniambia, kwa sauti nzuri, "Endelea, mama kidogo. Unafanya kazi ya Leta." Nikafagia kwa nguvu zaidi, kwa sababu nilidhani mpunga wa Leta utapandwa kulizunguka shina, na lifaki utaupa kivuli. Nilikuwa bado nikifagia waliponivuta mkono na kunipeleka mbali.

Sitaeleza sana kuanguka kwa mti. Msitu ulipiga kelele mara moja, kisha kukawa na mwanga mahali ambapo sikuwahi kuuona. Ninachokumbuka zaidi ni kilichofuata. Siku iyo hiyo walikata shina vipande, na lori likaja kuvichukua, vyote, hadi kipande cha mwisho. Matawi hawakuyataka. Waliyaburuta kando, na kwenye matawi hayo kulikuwa na mbinzo wachanga, weusi, wembamba kama njiti za kiberiti, maelfu, wakiendelea kula majani. Hawakujua. Majani yaliponyauka walianza kuhama, wakapanda juu ya visiki, juu ya mawe, juu ya miguu yetu, juu ya ukuta wa nyumba. Kisha walikufa kwa mafungu. Mbinzo mchanga akioza anakuwa maji meusi yenye utando, na inzi wa kijani wanafika kabla hata hajaacha kutembea. Tulifagia mafungu hayo kutoka kizingitini. Kuku walikula hadi wakashindwa kusimama.

Mama Agata alikuja asubuhi iliyofuata mti kukatwa. Hakukaribia nyumba. Alisimama kwenye kisiki, akachukua vumbi la msumeno mkononi, akalinusa. Mama alimwendea akiwa amevua kilemba.

"Mama Zaina," alisema Mama Agata, kwa sababu Zaina ndilo jina langu. "Muti nilikupa wewe. Sikupa ndugu yako."

"Mama Agata, mimi sikukuwa hapa."

"Ninajua. Ungekuwa hapa, ungefanya nini? Ni mutu wako." Aliliacha vumbi lianguke. "Mupunga ukivuna, ukule. Nyuma ya hapo tutaongea juu ya hii ardhi."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu: mti umekwenda, ardhi ina maswali, na kilichobaki mkononi ni mpunga wa nyuma ya kijito. Usiku ule Mama alimuuliza Tonton jambo moja tu, kwa nini hakusema. Akajibu, "Yaya, mimi iko mutu mudogo. Amri inatoka juu." Akaosha mikono yake kwa sabuni, kidole kimoja kimoja.

Asubuhi ya ziara tulitoka na Mama kabla jua halijapanda ili tuwahi kufukuza ndege, kisha turudi kujipanga barabarani na wengine. Kwenye njia ya kijito tulikutana na vijana wa Chama, mstari mrefu, kila mmoja na mzigo wa mpunga kichwani. Mabua mabichi, masuke yakining'inia usoni mwao. Mama alisogea pembeni kuwapisha, akawaamkia kama inavyofaa.

"Asante, mama," mmoja alisema. "Tuko mu kazi ya Leta."

"Munavuna ya nani?" Mama aliuliza. "Bado haijakomaa hii."

"Sijui, mama. Tulionyeshwa tu."

Wa nyuma kabisa alikuwa mfupi, na mzigo wake ulifika kwenye usawa wa macho yangu. Katikati ya mabua kulikuwa na kipande cha kitenge chekundu. Nilikinyooshea kidole. Mama alikuwa amekwisha kukiona. Hakumzuia yule kijana. Alitembea hadi shambani, na mimi nyuma yake, tukakuta visiki vifupi vya mpunga vinavyotoa maji, na ndege wakirukaruka juu yake wakitafuta. Kamba ilikuwa imekatwa. Walikata chini kabisa, kwa panga, haraka, kama mtu anayekata nyasi.

Mama alikaa chini. Mimi, nitasema ukweli wa akili yangu ya wakati ule, nilifurahi. Nilidhani sasa naielewa dawa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona mihogo ikikatwa vipande, vipande vikachomekwa ardhini, na vikaota. Basi Tonton alikuwa anauhamisha mpunga wetu kutoka gizani kuupeleka mahali pa kuonekana, na magunia yake yangeupa nguvu. "Mama," nilisema, "utaota kule." Aliinuka, akanishika mkono, tukarudi barabarani.

Kando ya barabara walikuwa wanatoboa ardhi kwa vijiti na kuchomeka mabua, moja moja, kwenye duara langu jekundu na kuendelea mbele. Kisiki cha lifaki walikifunika kwa makuti na kukigeuza jukwaa. Lazima niseme lilipendeza. Ukiwa ndani ya gari, ungesema ni shamba.

Wanawake wote walitakiwa kucheza, kwa vitenge vya Chama vyenye sura ya Kiongozi kifuani na mgongoni. Asiyecheza jina lake lilichukuliwa. Mama alisimama mstari wa mbele na alicheza, mikono juu, mikono chini, mbele ya chakula chake. Uso wake haukuwa na kitu. Nimewahi kuona maiti zenye uso mchangamfu zaidi.

Mtu Mkubwa alishuka, mwanaume mrefu aliyevaa abakosi ya kijivu, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai, akajifuta jasho. Aliuliza kwa Lingala ni nani mwenye shamba zuri namna hii. Tonton, kwenye viatu vipya, alimwonyesha Mama, akimwita mgeni "raia" kwa Kifaransa, heshima ya wakati huo.

"Ni huyu mama, Sitwayeni. Yaya yangu mwenyewe."

"Mama, hongera. Ulipanda lini?"

Mama alisimamisha mikono. "Leo asubuhi," alijibu.

Kisha Mtu Mkubwa akacheka, na kwa kuwa yeye alicheka, komiseri wa zone, yaani mkuu wa wilaya yetu, akacheka, moniteri wakacheka, vijana wa Chama wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Mama mcheshi. Mpiga picha alimwomba Mtu Mkubwa ashike bua moja. Akainama, akavuta kidogo tu, na bua likatoka ardhini kama kijiti kwenye keki. Wote wa karibu waliliona: limekatwa kwa panga, halina mzizi hata mmoja. Mimi nilikuwa kati ya miguu ya watu, nami nililiona. Mtu Mkubwa alilitazama. Akamtazama Tonton. Kisha akalirudisha kwenye shimo lake, taratibu, akakanyaga udongo kando yake kwa ncha ya kiatu ili lisimame, na kusema, "Endeleeni hivyo hivyo."

Makofi yalikuwa marefu. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, yakiwamo ya damu, lakini mguu ule ukikanyaga udongo kwa upole bado ndio unaonirudia. Alijua, na tangu hapo kila mtu alijua kwamba anajua, na wote walikuwa wakipiga makofi.

Nilimwagilia shamba lile. Kila jioni nilichota maji kijitoni kwa bakuli na kuyamimina kwenye kila shimo, nikisubiri mizizi. Majani yaligeuka manjano, nikasema ndivyo mihogo inavyofanya mwanzoni. Mvua ikanyesha. Punje zenye maziwa zilichacha, zikavimba, zikapasuka. Mabua yakalainika chini na kulala. Harufu ilikuwa ya uji uliosahauliwa sufuriani pamoja na kitu cha mnyama, kwa sababu matawi yenye mbinzo waliooza yalikuwa pale pale. Iliingia kwenye nguo. Iliingia kwenye maji ya kunywa. Mama aliponikuta na bakuli, alinipokonya bila kunigombeza, akaling'oa bua moja na kunionyesha ncha yake. Ilikuwa nyeusi, inateleza. "Umeona?" alisema. "Sasa uache."

Jioni ile Tonton alirudi akiwa na furaha. Alikuwa amepandishwa cheo: mkubwa wa moniteri wote wa zone, nyumba mjini, pikipiki. Alikaa kwenye kiti chake na kuomba chakula. Mama alimletea maji ya kunawa, akamshikia beseni kwa heshima yote. Kisha akaleta sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, akaiweka mbele yake.

"Kula, tonton ya watoto," alisema. "Shamba yako imeiva."

Alifunua. Ndani kulikuwa na kifungu cha mabua yaliyooza, yamekunjwa vizuri, na juu yake kijiko cha mbinzo wachanga waliokufa, wamegeuka maji. Harufu ilijaza chumba. Tonton hakukasirika, na hilo ndilo nililoshindwa kulielewa. Alitabasamu kama mtu aliyefanyiwa utani na shemeji. Akafunika sahani, akanawa tena mikono ile isiyogusa kitu, akasema, "Bon. Yaya umechoka. Nitakula mbele." Siku iliyofuata alihama. Mama hakuwahi kumpikia tena, na tangu hapo hakulitamka jina lake. Anasema "yule wa kwetu".

Mama Agata hakutufukuza. Alituona msimu ule wa mvua tukila mizizi ya mihogo ya kuonwa, michungu, na mdogo wangu aliyekuwa tumboni mwa Mama hakufika. Mama Agata ndiye aliyemzika, kwenye ardhi yake, bila kuuliza tena neno juu ya ardhi. Mwaka uliofuata vipepeo wa kahawia walikuja kwenye taa kama kawaida. Mama aliwatoa nje kwa viganja, akatandika jani la mgomba kando ya kisiki. Halikuandikwa kitu. Alilitandika mwaka mwingine pia. Vipepeo walipungua, halafu ikawa kuona mmoja ni habari ya kusimuliana.

Nilipokuwa mtu mzima niliingia nyumba ya Tonton mara moja, kwa harusi ya binti yake. Sebuleni kulikuwa na ile picha, imekuzwa, ndani ya fremu: Mtu Mkubwa, bua mkononi, Tonton pembeni akitabasamu. Niliikaribia. Kiganja cha Mtu Mkubwa kinafunika pale pale ambapo mizizi ingekuwa. Mama yuko nyuma, nusu ya uso, mikono imesimama hewani. Tonton alikuja na chupa ya soda akasimama karibu nami.

"Unakumbuka ile siku?" aliuliza. "Mama yako alichekesha watu, kweli kweli. 'Leo asubuhi.'" Akacheka hadi machozi, akayafuta kwa kidole safi. Sikuona dalili yoyote kwamba anajifanya. Nilirudisha soda mezani bila kuinywa.

Sasa amekufa, na wanasema alikufa vizuri, kitandani, watoto wamemzunguka. Nilipompa Mama habari alikuwa anachambua mboga. Aliuliza kama aliumwa muda mrefu. Nikasema hapana. Akauliza kama alikuwa anaweza kula, siku za mwisho. Nikasema wananiambia alikuwa akikataa chakula. Akamaliza mboga.

Leo ndiyo matanga yanaisha. Mwenye pikipiki amefika tangu saa mbili na anapuliza honi kila baada ya muda, kwa adabu. Mama ameoga. Amevaa kitenge cha matanga na kilemba cheupe, amekaa kwenye kiti mlangoni, akitazama mahali ambapo kisiki kilikuwa na sasa kuna kibanda cha kuuza mafuta ya pikipiki. Viatu vyake viko magotini, amevishika kwa mikono miwili. Nimemuuliza kama nimwambie dereva asubiri au aende. Amesema nisubiri anafikiri. Honi imelia tena sasa hivi. Viatu bado viko magotini.